Mihimili ya Kilimia na Kibla cha Mzee Abdulrazaq

Maparoni, 9 Januari 2024

Kwa mke wangu mdogo Yasmini, huko Cape Town,

Nakusalimu mie mumeo, Gharibu mwana wa Abdulrazaq, mzima wa mwili na wa meno. Bibi yako Mwamvua hajambo, ila goti linamnunia asubuhi. Anasema nikuandikie kwamba hana wivu na mke mwenzake asiyejua hata kubanika samaki. Baba yako wa Kibiti alikuja juzi, alileta sukari na maneno mengi. Mpunga umesimama. Nguruwe walikuja shambani mara mbili. Mara ya tatu hawakuja, maana nilihamia dunguni kulinda mie mwenyewe na miaka yangu sabini na minane, wakanijua.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, hakuna aliyenishikia kalamu. Kisomo cha watu wazima nilimaliza wa kwanza, mwalimu akasema Gharibu, weye ungekuwa karani. Usiniambie nipige simu. Simu ndiyo iliyoniletea ugomvi.

Mudrick, yule mwenye mashine ya kukoboa, siku hizi ni katibu wa kamati ya msikiti. Ijumaa iliyopita aliweka simu yake sakafuni mbele ya mihrabu, ikazungusha mshale wake, akasema mbele ya watu, "Mzee Gharibu, samahani sana. Msikiti huu umepinda nyuzi ishirini. Tunaelekea machweo."

Nikamwambia, "Mudrick, simu yako haishiki mtandao hata ukipanda nayo mnazini, leo imeiona Makka?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Wamekwisha kuandika kwamba baada ya Idd watavunja mihrabu ya baba yangu wajenge nyingine pembeni.

Sasa sikiliza. Msikiti ule aliujenga Mzee Abdulrazaq, baba yangu, mwaka 1966, kwa boriti za mikoko alizokata mwenyewe. Kibla alikipima kwa dira ya nahodha wa Mafia, si kwa kubahatisha, na mie nilikuwepo. Watu wamesali hapo miaka hamsini na minane. Makaburi yetu yote yameufuata mstari ule, na la baba mwenyewe. Nayo watayafukua?

Nimesikia kazi yako huko ni kupima nyota zimelala vipi, nyota ambazo hakuna mtu atazifikia. Mwenye kupima hilo hawezi kushindwa na msikiti. Niandikie karatasi yenye muhuri wa chuo, iseme Mzee Abdulrazaq hakukosea. Basi, sitaki zaidi. Nitaisoma mwenyewe mbele ya Mudrick. Mpaka hapo nasali nyumbani.

Mumeo asiyezeeka,
Gharibu

*

Cape Town, 18 Februari 2024

Babu yangu, mume wangu, shikamoo.

Barua yako imefika jana, ina alama ya maji pembeni, nikajua imepanda boti. Mwambie mke mwenzangu Bibi Mwamvua kwamba samaki nimejifunza kubanika, ila siku ya kwanza jirani waliita zimamoto. Mimi mzima. Upepo wa huku ni wa kumwangusha mtu mwembamba, kwa hiyo mimi nipo salama.

Umenifurahisha kuiuliza kazi yangu. Miaka miwili nawaambia watu wa nyumbani nasoma nyota, na shangazi ameniomba nimpigie falaki.

Ninachopima ni Kilimia. Ndiyo, hicho hicho unachokitazama ukitaka kupanda. Kwa macho mtu anaona nyota sita (najua wewe utasema unaona tisa). Kwa darubini zinapita elfu. Zote zilizaliwa na wingu moja la gesi na vumbi, ndugu wa tumbo moja. Ziko mbali hata mwanga unaoingia jichoni mwako leo uliondoka huko kabla Wareno hawajajenga ngome ya Mombasa. Na kila moja inazunguka kama pia. Kila pia ina mhimili, ule mstari wa katikati uliotulia wakati mwili wote unazunguka. Wingu la mama nalo lilikuwa likizunguka. Basi swali langu ni hili: je, watoto waliurithi mzunguko wa mama, mihimili yao yote ikaelekea upande mmoja kama watu walio safuni? Au kila mmoja amelala anavyojua?

Taabu ni kwamba hakuna darubini inayozionyesha nyota hizo zaidi ya nukta. Kwa hiyo tunazunguka kwa nyuma. Nyota ina madoa. Doa kubwa likija mbele, mwanga unapungua kidogo. Likienda nyuma, mwanga unarudi. Hapo najua inamaliza mzunguko kwa siku ngapi. Ukubwa wake naujua, basi najua ukingo wake unakwenda mbio kiasi gani. Kisha nauchambua mwanga wake rangi kwa rangi, na humo nasoma kitu kingine: ukingo mmoja unatujia kwa mwendo gani na wa pili unatukimbia kwa mwendo gani. Mwendo huo ukilingana na zile mbio zake kamili, tunaitazama nyota ubavuni. Ukiwa mdogo kuliko hizo, tunaitazama karibu na utosini.

Siku namba ya kwanza ilipotoka, babu, niliweka kalamu chini nikakaa. Nukta ya mwanga tu, na mimi nilikuwa nimejua imeinamisha kichwa kiasi gani.

Kuhusu msikiti. Sisi kabla ya kuiamini namba tunauliza kwanza ilipatikanaje. Nani aliishika dira ile? Alisimama wapi, na karibu yake palikuwa na nini? Niambie yote, hata unayoona hayana maana.

Mkeo,
Yasmini

*

Maparoni, 20 Machi 2024, Ramadhani ya tisa

Mke wangu mdogo,

Tunafunga, alhamdulillahi. Mvua haikatiki, mto umeanza kupanda usivyopanda. Bibi yako amecheka habari za zimamoto hadi akasahau goti. Barua yako aliileta Mwalimu Elinipendo wa shule ya msingi, alikuwa Kibiti. Mtu wa milimani yule, lakini boti haiogopi tena. Akataka kunisomea, nikamwambia mwalimu, mie si kipofu. Nikaisoma siku tatu.

Hayo ya ubavuni na utosini niliyaelewa kabla hujamaliza kusema. Mie nilikuwa mkwezi, weye. Delta nzima hakuna aliyenifikia. Mwaka 1965 palikuwa na harusi Mohoro, watu wanacheza ngoma ya duara, mie niko juu ya mnazi uliowainamia, naangua madafu ya wageni. Ukiwa chini, ukingoni mwa duara, unamwona mwanamke anakujia, anakupita, anakwenda zake. Ukiwa juu, utosini mwao, hakuna anayekuja wala anayekwenda. Wanazunguka tu. Ngoma ile ile, mbio zile zile. Hiyo ndiyo nyota yako. Waambie maprofesa wa huko Gharibu wa Maparoni alijua kabla hawajazaliwa.

Lakini nitakwambia na hili. Juzi baada ya kufuturu mawingu yalifunguka kidogo upande wa machweo, nikakiona Kilimia. Nimekitazama tangu utoto, kwangu kilikuwa ni saa ya kupandia, kimetulia kama misumari iliyopigiliwa. Sikuwahi kujua kwamba vile vitu vinazunguka. Nikasimama. Bibi yako akaita, "Wee mzee, uji unapoa, umeona nini huko?"

Nikamwambia, "Zinazunguka."

Akasema, "Nani?"

Nikamwonyesha juu kwa kidole, uji ukapoa.

Haya, dira. Aliishika mtu mwaminifu, mwenye macho makali kuliko wote. Jina halina haja. Baba alikuwa na kamba na vigingi. Anauliza, "Kaskazini wapi?" na mwenye dira ananyoosha mkono, baba anapigilia. Makka toka kwetu ni kaskazini, kila mtu anajua. Nahodha mwenyewe ameketi kivulini anakunywa dafu. Madafu hayo niliyaangua mie, minazi saba bila kupumzika, nikashuka watu wakashangilia, hata panga sikulivua kiunoni, moja kwa moja kwenye kazi. Wanaume walikuwa wanaume siku hizo. Hakuna kilichokosewa.

Leta karatasi. Idd iko karibu.

Mumeo,
Gharibu

*

Cape Town, 28 Aprili 2024

Babu yangu, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi, Idd imeshapita. Baba ameniambia kwa simu kwamba maji Mohoro yamefika madirishani na kwenu mashamba yamezama. Anasema nyumba yenu imesalimika na kamati imeahirisha kila kitu. Namwomba Mungu barua hii iwakute wazima. Mke mwenzangu asibebe ndoo, wewe zibebe, si umesema ulikuwa mwanaume wa wanaume?

Mfano wako wa mnazi nimeusoma mbele ya wenzangu. Msimamizi wangu amefundisha miaka ishirini, akasema hajapata mfano kama huo. Usivimbe.

Nataka kukusimulia jambo ambalo hata baba sijamwambia. Desemba nilimaliza nyota zangu za kwanza, themanini na tatu. Karibu zote tulikuwa tunazitazama ubavuni. Safu, babu! Nilitembea njia nzima ya nyumbani nikicheka peke yangu. Nikasimama mbele ya watu mia nikatangaza kwamba watoto wa Kilimia wamemfuata mama yao. Bwana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Zile ulizoshindwa kuzipima," akauliza, "umeziweka wapi?"

Nilikuwa nimeziondoa, kwa sababu mwendo wao wa kuja na kwenda haukusomeka. Wewe umeshajua tayari. Hizo ndizo za utosini. Nilizitoa nje zote zilizolala vingine, kisha nikashangilia kwamba zilizobaki zimekubaliana.

Nyota hazikukosea, wala darubini haikukosea. Nilikosea mimi. Wiki iliyofuata nilisimama mbele ya watu wale wale nikasema hivyo. Nilipozirudisha na kuzihesabu kwa haki, safu ilivunjika. Kwa namba nilizo nazo, mihimili imeelekea kila upande. Wengine wakipima makundi mengine huenda wakakuta mengine. Lakini hawa wangu, ndugu wa wingu moja, kila mmoja amelala kivyake. Wingu lile lilichafuka sana wakati wa kuzaa, hata hakuna mtoto aliyekumbuka mama alikuwa akizungukia wapi. Nilidhani nitahuzunika. Nilibaki mdomo wazi.

Jana niliazima dira nikaiweka mezani. Nikachukua kisu kikubwa cha jikoni nikakisogeza taratibu. Kilipofika kama shibiri moja, mshale ulikuwa umehama nyuzi ishirini. Nikakiondoa, ukarudi mahali pake.

Babu, sitaandika jina la aliyeshika dira. Wala karatasi yenye muhuri sitaileta. Sitaki simu ya Mudrick ikuhukumu, wala chuo changu. Liulize jua. Tarehe 28 Mei, saa sita na dakika kumi na nane mchana, jua litasimama utosini kabisa pa Al-Kaaba. Wakati huo, mahali popote jua linapoonekana, mwenye kulielekea jua ameielekea Makka. Simika mti ulionyooka. Kivuli kitalala nyuma yake, na kibla kipo mbele. Siku hiyo ikikupita kwa ajili ya maji, kuna nyingine moja tu mwaka huu: 16 Julai, saa sita na dakika ishirini na saba.

Nakupenda, na ninaogopa kuifunga bahasha hii.

Mkeo,
Yasmini

*

Maparoni, 11 Juni 2024

Yasmini,

Barua yako imefika tarehe saba, Mei imeshapita. Mpunga wote umekwenda na maji. Bibi yako hajambo. Maji yaliingia msikitini shibiri mbili, yametoka.

Kisu cha jikoni si panga.

Sina zaidi.

Gharibu

*

Maparoni, 21 Julai 2024

Kwa mke wangu mdogo Yasmini,

Salamu zangu zikufikie, na za Bibi yako, ambaye anasema barua iliyopita niliandika kama mtoza kodi na niombe radhi. Nimeomba. Maji yaliyotuchukulia mpunga yalituachia tope, tukapanda mahindi na maboga humo, na maboga sasa ni makubwa kuliko kichwa cha Mudrick. Baba yako anakuja mwisho wa mwezi. Goti limetulia.

Sasa nitakwambia kilichonifunga mdomo. Mihrabu ni ukuta, ukuta mtu anaweza kuuvunja akajenga mwingine. Mie nilikuwa na baba moyoni. Alipofariki, mwaka 1983, niliingia kaburini mie mwenyewe. Nikampokea, nikamlaza ubavu wa kulia, nikauelekeza uso wake kwa mstari ule ule wa msikiti. Niliposoma habari za kisu chako kikisogea mezani, sikuiona meza. Niliiona mikono yangu inamgeuzia baba upande usio wake. Ndiyo maana niliandika vile. Ukuta unahama, kaburi haliguswi.

Nikakaa na hilo mwezi mzima. Jumatatu ya tarehe 15 nikaenda kwa Maalimu Abdalah, imamu wetu, nikamwambia yote, nimeinamisha kichwa. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mlipomlaza, mlikuwa mnadhani mnamwelekeza wapi?"

Nikasema, "Kibla."

"Basi ameelekea kibla. Aliyempokea hasomi dira."

Nikatoka. Nimefika kwenye minazi ndipo nikalia, na hakuna aliyeniona ila weye sasa.

Nikamwendea Mudrick mashineni. "Kesho saa sita, waite watu msikitini. Na simu yako uje nayo, lakini kazi yake kesho ni saa tu." Akaniangalia kama mtu anayetafuta mtego. Akasema, "Sawa, mzee."

Basi Jumanne watu walikuja, hata wanawake, Bibi yako amekalia ndoo yake. Anga safi. Nimesimika mti wa mkoko ulionyooka nje ya mlango, sawa na mihrabu, nimeupima kwa uzi wenye jiwe, mie mwenyewe. Panga nilikuwa nimeliacha nyumbani, ingawa kivuli hakijali chuma. Nikawaeleza: sasa hivi jua linakwenda kusimama juu ya Al-Kaaba. Mmoja akauliza nani kasema. Nikasema mke wangu. Wakacheka, nikawaacha wacheke.

Tukangoja. Yasmini, nimeishi miaka mingi, nimeona mto ukigeuza njia yake, nimeona maji ya mwaka huu, lakini jambo lile sijaliona. Watu mia mbili wanakitazama kivuli cha mti. Nikafikiri, huko Makka dakika hii mtu akisimama hana kivuli. Na weye huko Cape Town, kivuli chako kimelala nyuma kama changu. Jua lile mie nilidhani ni la kukaushia mpunga. Kumbe kila mwaka mara mbili limekuwa likitunyooshea mkono, tangu kabla ya baba, na hakuna aliyeinua kichwa kuuliza.

Mudrick akasema, "Sasa."

Nikapiga kigingi kwenye ncha ya kivuli. Tukaivuta kamba toka kwenye ncha, ikapita shinani mwa mti, ikaingia mlangoni mwa msikiti mpaka ukuta wa mbele. Iliuangukia ukuta hatua tatu kulia kwa mihrabu.

Mudrick angeweza kucheka, ilikuwa haki yake. Alitazama chini.

Nikasema, na nilisema kwa sauti, unaijua sauti yangu. "Mzee Abdulrazaq hakukosea. Yeye alipigilia vigingi alipoonyeshwa. Aliyeshika dira ni mie Gharibu, nina panga kiunoni, nikaringa, sikulivua. Chuma kiliuvuta mshale. Baba yangu msimseme. Nisemeni mie."

Nikasimama nisemwe, kama weye mbele ya watu wako.

Halafu Bibi yako pale kwenye ndoo akasema, "Na mie alinioa mwaka ule ule, sijui alipima na nini!" Msikiti mzima ukaangua kicheko, Maalimu naye, hata nikamwona Mudrick anafuta macho.

Mihrabu hawakuivunja. Mudrick mwenyewe ndiye aliyesema ibaki, kazi ya mikono ya Mzee Abdulrazaq. Wamepiga mistari ya rangi nyeupe sakafuni, inakwenda mshazari, na safu zinaifuata hiyo. Msikiti umeelekea kule, watu wameelekea huku. Mgeni akiingia anashangaa, tunamweleza. Namweleza mie, na sasa hivi nasimulia vizuri kuliko mtu yeyote.

Nyota zako nazifikiria. Tumbo moja, na hakuna hata moja iliyoambiwa ielekee wapi, kila moja na mhimili wake, na bado zimekaa pamoja pale juu kwa muda wote huo. Pima na nyingine uniambie. Pima na zile usizoweza.

Ijumaa ilikuwa sala yangu ya kwanza mle ndani tangu Januari. Niliingia safu ya mbele, nikasimama juu ya mstari mweupe sawasawa. Maalimu akanyanyua mikono. Lakini mwili una miaka hamsini na minane ya ule upande mwingine. Bila kujua, miguu ikaanza kugeuka yenyewe, kidogo, kidogo, kuelekea mihrabu. Mudrick alikuwa kuume kwangu. Akaweka kiganja begani pangu, taratibu, akanigeuza. Nikamwacha anigeuze.

Ni mie mumeo,
Gharibu mwana wa Abdulrazaq